Makaburi Tu, Miti Haituhusu

Baba alikuwa anapoteza macho, na mimi nilikuwa mtunza ramani. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini nilijiona ndiye mtu pekee Mwanza nzima wa kuipanga safari ile, na kwa nini niliivuruga.

Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ingemsogezea siku tu. Tayari alikuwa haoni pembeni. Aliona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba kila mwezi. Baba alikuwa fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu asiye na maneno mengi. Alitoka hospitali, akaja kwangu Igoma, akanywa chai mpaka chini ya kikombe, kisha akasema, "Kabla hayajazimika nataka nilione kaburi la mama."

Nikamwuliza liko wapi. Akasema hajui.

Bibi alifariki baba akiwa kazini mbali, na alipofika wenzake walikuwa wameshazika. Kaburi lilikuwa tuta la udongo tu, karibu na uzio wa minyaa wa mji wao wa zamani, yaani boma la familia, ng'ambo ya ghuba, mbele ya Sengerema. Baba aliahidi atarudi baada ya mavuno aliwekee mawe. Hakurudi. Baadaye yakaja malori, watu wakahamishiwa vijiji vipya, nyumba zikabaki magofu, na ndugu wakatawanyika na ng'ombe wao, huyu Geita, yule Tabora. Ile ahadi ya mawe ikamkaa baba kifuani miaka ishirini na kitu. Hakuwahi kunitamkia mpaka siku ile ya chai. Kitu kimoja tu alichokikumbuka ambacho malori hayakuweza kukihamisha ni majabali matatu yaliyobebana juu ya kilima, kama mama aliyembeba mtoto na mtoto kabeba kibuyu.

Sasa, ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba unatafuta mahali penye majabali yaliyobebana, hujamwambia kitu.

Lakini mimi sikuwa mtu wa kuuliza njia. Nilikuwa mtunza stoo ya ramani katika ofisi moja ya serikali, miaka ile ambayo serikali ilikuwa inapunguza watu kazini, na kila mwisho wa wiki tulikaa tukisubiri nani ataitwa kupewa barua. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kuwazuia panya wasile nchi. Nilikuwa na makabati ya picha za anga, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa na ndege kabla sijazaliwa. Na nilikuwa na karatasi moja kubwa ya kisasa, picha ya setilaiti, waliyotuachia wataalamu waliokuja kuchunguza magugu maji ziwani. Hakuna aliyeigusa zaidi yangu. Wenzangu walisema inaumiza macho, kwa sababu setilaiti huchora majani yote kwa rangi nyekundu.

Niliwadharau wenzangu. Nilimdharau kila mtu anayesimamisha gari kuuliza, "Eti samahani, hii njia inaelekea wapi?" Nchi imeshapigwa picha kutoka juu, wewe unamwuliza muuza karanga!

Mji wa bibi niliupata kwa jioni mbili, nikitumia kile kifaa cha lenzi mbili ambacho ukiweka chini yake picha mbili za mahali pamoja, vilima vinainuka. Kijito upande wa mawio, ziwa upande wa machweo, na katikati kilima chenye kivuli cha vitu vitatu vilivyobebana. Chini yake kulikuwa na duara la minyaa, dogo kama kifungo cha shati. Nilipiga kelele peke yangu stoo. Nikazifunga picha zile pamoja na ile nyekundu ndani ya khanga, nikazichukua nyumbani Jumapili, na nikamwita baba.

Aliinama juu ya karatasi zilizotandazwa sakafuni, akalipitisha lile bomba lake la kuonea polepole, inchi kwa inchi. Akaanza na ya setilaiti.

"Nchi hii imefanya nini mpaka ikawa nyekundu hivi?"

"Ni majani, baba. Setilaiti inayaona mekundu."

"Basi nayo ipelekwe kwa daktari wangu."

Nikamsogezea ile ya zamani na kioo cha kukuzia. Alikaa muda mrefu juu ya lile duara. Ndani ya duara, karibu na nyumba, kulikuwa na kitone cheusi.

"Huyu ni mama," akasema.

"Baba, hicho kinaweza kuwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani anasimama mlangoni?"

"Basi mtungi."

"Mama alikuwa anasimama hapa hapa."

Nilitaka kumweleza habari za skeli, kwamba kwa kimo kile cha ndege mtu angekuwa mdogo kuliko vumbi. Kisha nikaona kidole chake kinakizunguka kile kitone bila kukigusa, nikanyamaza. Kunyamaza si tabia yangu, muulizeni yeyote.

Nikapanga safari. Nilitandika uzi wa kushonea juu ya kila kona ya barabara, nikaunyoosha kwenye rula, nikapata maili, nikapata saa. Nikaandika ratiba kwa wino: Usagara saa moja na nusu, pantoni saa mbili na nusu, kaburini saa tano. Gari lilikuwa pikapu ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, gari la mtumba lililoshuka kutoka Japani na maandishi ya huko bado milangoni. Siku za kazi alilitumia kubebea mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Aliisoma ratiba yangu mara mbili.

"Shem, hii ni safari au mtihani?"

Nikamwambia aoshe gari. Aliliosha, na harufu ikawa ya mapanki yaliyooshwa.

Jumamosi ya kwanza tulifika Usagara kwa dakika niliyoandika, nikawa na kiburi cha mpaka Kigongo. Pale pantoni ikatukalisha muda wa saa tatu. Kwa hiyo, tulipokwisha kuipita Sengerema, niliamua kufidia muda. Picha ya zamani ilionyesha mkono wa maji ukiingia ndani ya nchi, na barabara ikiuzunguka. Lakini picha ya setilaiti ilionyesha mahali hapo pote pamejaa nyekundu, pamejaa kabisa, nyekundu safi isiyo na doa. Nikahitimisha kwamba mkono ule umejaa mchanga siku nyingi na sasa kumeota msitu. "Kata kulia," nikamwambia shemeji. "Tunapita msituni, tunaokoa maili sita."

Tulikata kulia. Tukashuka kijinjia cha ng'ombe mpaka mwisho, shemeji akafunga breki, tukaangalia. Mbele yetu kulikuwa na uwanja wa kijani wenye maua ya zambarau, umenyooka mpaka ng'ambo, unapumua juu na chini.

"Shem," akasema shemeji, "msitu wako unaelea."

Yalikuwa magugu maji. Wale wataalamu waliitengeneza picha ile kwa sababu ya magugu maji. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini nadhani mimi nilipaswa kuambiwa. Baba aliuliza kwa nini tumesimama, na shemeji akamjibu kwa heshima, "Mzee, tunasubiri barabara itie nanga." Sikusema naye kwa nusu saa.

Tulirudi, tukauzunguka ule mkono wa maji kwa barabara ya picha ya zamani. Nayo ilituongoza vizuri sana mpaka ilipoingia katikati ya shamba la mahindi na kutoweka. Mama mmoja alikuwa anapalilia. Nikashuka na picha yangu, nikamwamkia, nikamwonyesha kwamba hapa alipo pana barabara. Aliitazama picha kwa adabu, akalitazama shamba lake.

"Ilikuwepo, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ilihama na watu."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu walipoondolewa, njia zao hazikuwa na wa kuzikanyaga, zikaota nyasi, zikalimwa. Nilikuwa nasafiri katika nchi iliyokwishafungwa na kupelekwa mahali pengine. Yule mama alitutangulia kwa miguu kati ya mistari ya mahindi, akituonyesha pa kupitisha matairi, na hivyo ndivyo mtaalamu wa ramani alivyoingia kijijini: nyuma ya mama mwenye jembe, mwendo wa kinyonga.

Kijiji kilikuwa na ofisi ya matofali na mwenyekiti mzee aliyevaa koti zito na jua lile. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye pikapu. Aliyaangalia maandishi ya Kijapani. Mimi huku natandaza karatasi zangu juu ya boneti, na watu wanakusanyika, kwanza watoto, kisha wanawake, kisha wanaume waliokuwa wanajifanya wanapita tu.

"Ninyi ni wale?" mwenyekiti akauliza.

"Wale gani?"

"Wale."

"Sisi ni sisi," nikajibu, maana njaa ilikuwa inaniuma na sipendi mafumbo.

Leo ninaelewa nilichopaswa kuelewa palepale. Watu wale walishahamishwa mara moja maishani, na walijua ramani hutangulia na lori hufuata. Na miaka ile kila mahali kulikuwa na habari za mwekezaji: huku anataka mgodi, kule kiwanda cha samaki, pale hoteli. Mwekezaji akija huja na gari geni na karatasi kubwa, watu huondolewa, na kinachopotea hulipiwa fidia. Watu wa kando ya ziwa walikuwa wameshaambiana vitu gani hulipiwa na vitu gani hudharauliwa.

"Mnatafuta nini hasa?" akauliza mwenyekiti.

Baba akajibu kabla yangu. "Kaburi."

Wanaume wakatazamana. Mwenyekiti akatoa daftari la shule kwenye koti.

"Makaburi tu, au na miti?"

"Makaburi tu," nikasema. "Miti haituhusu."

"Na vyoo?"

"Vyoo tuvifanyie nini?"

Akaandika. "Ya zamani, au hata ya karibuni?"

"Ya zamani."

"Yaliyojengewa, au hata ya udongo?"

"Hata ya udongo," nikasema, "ila likipigwa chokaa litasaidia. Mzee wangu huyu macho yake ni mabovu."

Mwenyekiti aliinua uso. "Mzee ndiye anayethibitisha?"

"Ndiye."

"Na haoni?"

"Haoni vizuri."

Uso wa mwenyekiti ulikunjuka kwa furaha ambayo sikuielewa. Nilidhani anamwonea baba huruma kwa namna ya watu wa kule. Nilimwonyesha kilima chenye majabali matatu, ambacho kilionekana vizuri kabisa mbele yetu, mwendo wa kama saa moja kwa miguu. Akasema leo haiwezekani. Jua limekwenda, kijito kimejaa, na sisi tuna pantoni ya kuwahi. Turudi Jumamosi ijayo, watakuwa wamejiandaa. Kisha wakatuletea kuku na kikapu cha viazi vitamu, na mwanamke mmoja alimfutia baba kiatu kwa kona ya khanga yake.

Baba alikuwa amekaa kwenye pikapu na uso ameuelekeza kilimani. Aliuliza kama majabali bado yamebebana. Nikamwambia bado. "Nayaona meusi tu," akasema. Njia nzima ya kurudi kuku alilia nyuma kwenye harufu ya mapanki, na mimi nilikuwa nahesabu siku saba kama mtu anayehesabu dawa.

Wiki ile baba aligonga mlango wa chumba chake mwenyewe kwa paji la uso. Alisema mlango ulisogea.

Jumamosi ya pili sikuandika ratiba. Tulivuka, tukamkuta yule mama wa mahindi, akatupitisha tena. Mahindi yalipoishia nikaona kitu cheupe kando ya njia. Kaburi. Limepangwa mawe, limepigwa chokaa, linang'aa kama shati la harusi. Hatua kumi mbele, lingine. Kisha mawili pamoja. Kisha upande wa pili wa njia, safu. Nilihesabu mpaka ishirini na tatu nikaacha. Wiki moja kabla hapakuwa na hata moja. Nina picha kichwani mwangu, ndiyo kazi yangu.

Shemeji alipunguza mwendo. "Shem, kumetokea nini hapa? Kipindupindu?"

Kila kaburi lilikuwa na mwenyewe amesimama pembeni, kavaa nguo za kanisani. Juu ya moja saruji ilikuwa bado mbichi na kuku alikuwa amepita akaacha nyayo. Moja lilikuwa na urefu wa dhiraa moja na nusu hivi, na mwenyewe akaniwahi kabla sijauliza: "Babu alikuwa mfupi." Kwingine wanawake wanne walikuwa wamekaa mkekani wakilia kwa sauti ya kupangwa. Nilipowapita, mmoja akanyamaza, akaniuliza, "Tuendelee?" Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya kaburi lenyewe anavuta kiko. Nikamwuliza ni la nani. "Langu," akasema. "Mlisema ya zamani. Mimi ni wa zamani."

Mama mwenye lile kaburi fupi alikuja mpaka dirishani. "Mayu, na hili litalipwa kama la mtu mzima?"

Hapo ndipo niliposikia maneno yangu mwenyewe ya Jumamosi iliyopita yakipita moja moja kichwani. Makaburi tu. Hata ya udongo. Likipigwa chokaa litasaidia. Nilishuka nikamwendea mwenyekiti, nimejaa hasira mpaka masikio yanavuma, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba sisi si wa fidia, hakuna mwekezaji, hakuna mgodi, hakuna Mjapani.

Akanisogelea sikioni. "Tunaelewa, binti yangu. Hamruhusiwi kusema."

"Hatuna cha kusema!"

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akanikonyeza.

Shemeji alikuwa ameshika mlango wa gari asianguke kwa kicheko. Nami ningecheka, nakiri, kama nisingegeuka nikamwona baba. Alikuwa ameteremka peke yake, kasimama njiani na mkono juu ya boneti. Weupe ndio aliouona vizuri kuliko rangi zote siku zile. Alikuwa anageuza kichwa polepole, kaburi kwa kaburi, safu nzima.

"Watu hawa wanajua kutunza wafu wao," akaniambia. "Kila mtu kamwekea mzazi wake. Ni mimi tu."

Sikuweza kumwambia. Nilisema tupande gari twende kilimani, na nilisema kwa ukali, nikamfungulia mlango.

Pikapu ilifika kijitoni ikakataa. Tukavuka kwa miguu, shemeji kamshika baba mkono huu na mimi huu, na picha kwapani. Kilima kilikuwa kimoja, majabali matatu, bila shaka yoyote. Nikapiga mstari kutoka kwenye jabali la chini, nikageuza picha mpaka vivuli vikakubaliana na jua, nikaanza kuhesabu hatua kushuka. Niliishia katika shamba la mihogo la mtu. Kwenye mihogo kulikuwa na minyaa mitatu mizee, imekaa kwa kujipinda, kipande kilichobaki cha duara. Na karibu na minyaa, mbali na njia, mbali na makaburi mengine yote, kulikuwa na kaburi jeupe.

Mwenyewe alitoka nyumbani mbio, anafunga vifungo vya shati. Alikuwa wa rika langu. Mke wake akaja nyuma na watoto watatu, wakajipanga kwa urefu.

"Karibu, mheshimiwa," akamwambia baba. "Huyu ni bibi yangu, mzaa baba. Alikuwa mtu mwema sana."

"Alikufa lini?" baba akauliza.

"Zamani, mheshimiwa. Kabla ya vijiji."

"Alikufa kwa nini?"

Yule mtu alimtazama mke wake. "Kwa... kwa uzee."

Baba akageuza uso kuelekea njiani tulikotoka. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye picha na rula na lenzi, sikuwa nimelifikiria. "Wenzako wote wameweka yao njiani, tuyaone. Wewe kwa nini umeliweka huku nyuma?"

Yule mtu akavishika tena vifungo vya shati. Nikamwambia wazi kwamba hakuna fidia, hapa wala kule, na kwamba huyu si mheshimiwa wa mtu, ni mzee anayemtafuta mama yake aliyezikwa ubavuni mwa kilima hiki, na macho yake yanakwisha. Nilimwambia nikiwa nimekwisha kuchoka kuwa na hasira. Nadhani ndiyo maana aliniamini.

Mke wake akasema, "Mwambie."

"Marehemu baba alipogawiwa shamba hili," akaanza, na sasa alikuwa anamtazama baba yangu na si mimi, "kuna mtu alimwambia hapa amelala mtu, jembe lisipite. Jina hakupewa. Tumelima miaka yote tukipazunguka. Wiki hii mwenyekiti alipotangaza makaburi, nikajisemea, kama ni kudanganya, heri nidanganye mahali penye mtu."

Baba akaninyooshea mkono. "Mama," akaniita, maana ndivyo anavyoniita nikiwa nimebeba jambo zito, "picha inasemaje?"

Niliitandaza juu ya nyasi. Alama yangu ya penseli ilikuwa pale, niliyoiweka kwa mkono mwepesi kuliko yote. Lakini alama ya penseli kwenye picha ile, ukiishusha ardhini, inafunika minyaa, mihogo, nyumba ya mtu yule na nusu ya zizi lake. Kaburi lenyewe halikuonekana pichani. Kusema kweli ya kikazi, ningesema ni kati ya hapa na pale, na pale ni mbali. Maisha yangu yote nilikuwa nawacheka watu wanaosema "ni hapo hapo tu."

"Ni hapa hapa, baba," nikasema.

Akapiga magoti. Akaanza kuliangalia kutoka kichwani, jiwe baada ya jiwe, kwa lile bomba lake jembamba, mpaka miguuni, kisha akarudi. Sikujua mtu anaweza kuangalia kitu kwa muda mrefu hivyo. Watoto walichoka wakakaa. Kisha akaweka kiganja juu ya mawe, akakigeuza, akakileta karibu na jicho. Kilikuwa cheupe chote.

"Chokaa bado mbichi," akasema.

Akakirudisha kiganja juu ya mawe.

"Mimi mwanaye sikumwekea hata jiwe moja. Huyu kamwekea, hata hamjui." Alilia bila kujificha, na sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku mama yangu alipofariki. Shemeji alivua kofia akaenda kusimama upande wa kijito. Mimi nilishika ncha ya koti la baba, sijui kwa nini, kama angeweza kuanguka zaidi ya magoti.

Alipoinuka nilimwambia yule mtu asiwe na wasiwasi, mawe yake atayahitaji, ayachukue tu akajengee. Nilisema kwa nia njema. Kule njiani, wenziwe wakishajua hakuna fidia, nilijua wangebomoa yote kabla ya jua kuzama.

Akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Kwa nini?"

Akawatazama watoto wake. "Nimeshawaambia ni bibi yao. Jana walimletea maji. Nitawaambiaje leo kwamba si wetu?"

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Alijipangusa uso kwa mkono uleule wa chokaa, akabaki na mstari mweupe kuanzia kwenye jicho mpaka kidevuni, na wala sikumfuta.

"Kama ni bibi yako," akasema, "basi mimi ni baba yako."

Yule mtu alisimama. Alikuwa amemwita mheshimiwa tangu tulipofika, na kwa haraka ile ya fidia hakuwa amemwamkia mzee wa watu. Sasa aliinama, mikono ameipanga mbele, mke wake akapiga goti nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

Baba alimtafuta kwa uso, kushoto, kisha kulia, hakumpata. Akaishia kuelekea kwenye kaburi, akaliitikia.

"Marahaba, mwanangu."